Gomesi ya Mtu Anayekaa

Tangu niliposhuka kwenye kiti cha cherehani, watu wananiuliza nafanya nini siku nzima. Nawajibu kwamba natazama nguo za watu, maana sijui kazi nyingine. Naketi mlangoni kwangu hapa Busia, wanawake wanapita kwenda sokoni au kanisani, nami naona gomesi ipi ilishonwa na nani, ipi ilikatwa kwa haraka, na ipi ilinunuliwa ikiwa tayari, mabega yake yamejazwa sponji kama godoro la mtoto. Macho ya kutunga uzi kwenye sindano yamekwisha. Ya kutazama bado ninayo.

Ninyi mnaoendelea na kazi pale barazani mmeniomba niandike niliyoyaona. Nitaandika kwa Kiswahili, kwa sababu ndicho tulichogombania mkasi kwacho sote: Wasamia, Wateso, Wapadhola kama mimi, na wale wanaovuka kutoka upande wa Kenya kila asubuhi. Nani alipewa meza kubwa lini, na nani alilipwa nini, sitasema. Hayo mnayajua, na mmeyatia chumvi ya kutosha bila msaada wangu.

Kazi nilijifunza Tororo, kwa mwanamke aliyeitwa Hajati Zaituni. Baraza yake ilitazama njia ya kwenda sokoni, na cherehani zilipangwa ukutani, yake ikiwa ya mwisho, karibu na mlango, ili aone kila anayeingia na kila anayetoroka. Nilikwenda siku ya kwanza na tepu yangu mpya shingoni, nikidhani tepu ndiyo inayomfanya mtu fundi. Hajati aliivua shingoni mwangu kwa upole, akaitia kwenye droo, akanionyesha benchi.

"Kaa hapo. Tazama."

"Natazama nini, Hajati?"

"Migongo."

Nilikaa. Wanawake walipita na vikapu, na migongo yao ikapita pamoja nao. Mara akaniita bila kuinua kichwa kutoka kwenye cherehani.

"Yule wa rangi ya zambarau. Sema."

"Nguo yake ni nzuri."

"Sikuuliza uzuri. Nauliza inafanya nini."

Sikujua nguo inafanya kitu. Nilidhani nguo inavaliwa, basi. Hajati akanieleza, nami nitawaeleza vilevile, kwa ajili ya mgeni atakayesoma hapa bila kuijua gomesi. Ni nguo pana inayofika chini, shingo yake ya mraba, vifungo viwili upande wa kushoto. Ndani mwanamke hujifunga kikoyi, ili kitambaa cha nje kisimgande. Kiunoni, au tuseme chini kidogo ya kiuno, hufunga mshipi mpana ambao ncha zake huning'inia mbele. Na mabegani kuna ile mikono mifupi ambayo kitambaa chake hukunjwa na kusimamishwa hadi kiwe na ncha. Zile ncha sisi tunaziita pembe. Mwanamke wa zambarau, alisema Hajati, alikuwa anatembea, na nguo yake ilikuwa inatembea nyuma yake kama mtoto anayeburutwa. Hiyo ndiyo kazi iliyokuwa ikifanya.

Kwa hiyo kanuni yake ya kwanza ilikuwa hii: mpime mteja, kisha mwambie atembee. Ukishamwona akitembea ndipo ukate. Wako waliomcheka. Waliona anapoteza muda wa watu. Lakini gomesi zake zilijulikana hata kwa mtu aliyeziona kwa mbali kule Osukuru, kwenye njia ya mlimani, kwa namna pindo lilivyofuata mguu bila kuuzuia.

Vyombo alivifundisha kama wengine wanavyofundisha dini. Mkasi wa kitambaa haukati karatasi. Chaki huchongwa kwa wembe, haivunjwi kwa meno. Pasi ya makaa hutikiswa nje, upande ambao upepo unakwenda, na kabla haijagusa hariri hugusa kwanza kipande kisicho na mwenyewe. Nilivichukua vyote kwa uzito. Katika ndoa yangu yote, ugomvi mkubwa kuliko mwingine wowote ulikuwa wa siku mume wangu alipokatia kamba ya mbuzi kwa mkasi wangu. Mbuzi alisamehewa.

Kuna siku nilimaliza pembe zangu za kwanza. Moja ilisimama, ya pili ilisimama pia, ila ilikuwa na mawazo. Iliinama kidogo tu. Nikamwambia Hajati kwamba mwenye nguo hataona.

"Kweli hataona," alisema. "Bega lake liko wapi na macho yake yako wapi? Atakayeona ni yule anayekaa nyuma yake msikitini au kanisani. Atamtazama mpaka ibada iishe. Sasa wewe unamshonea nani?"

Kisha akanipa wembe wa kufumulia. Hakunikaripia. Alikaa kando yangu akanionyesha namna ya kutia bitana ngumu ndani ya mkunjo, mshono kwa mshono, mpaka pembe ile ya pili ikaacha kuwaza. Ndiyo maana ninyi pia niliwapa wembe bila kuwakaripia. Mtu anayefumua kwa utulivu hujifunza kuliko anayefumua kwa machozi.

Nilipoolewa nilihamia Busia, nikapata nafasi ya cherehani kwenye baraza ile mnayoijua, karibu na foleni ya malori. Jirani yangu alikuwa Wekesa, fundi wa suruali, aliyevuka kila asubuhi kutoka Busia ya Kenya na kurudi kwake jioni. Aliamini kwamba nguo ambayo haina miguu miwili si nguo. Tulikaa bega kwa bega miaka mingi tukidharauliana kwa heshima.

Mji wa mpakani humfundisha fundi mambo ambayo Tororo haikunifundisha. Mteja mmoja anataka mshipi uwe wa kung'aa kama alivyouona Kampala. Mwingine, Msamia wa upande wa pili, anaivaa gomesi kwenye sherehe tu, na anataka imkae kama nguo yake ya kazini. Hapo ndipo wengi wenu mlipoingia, na hapo ndipo neno ubunifu lilipoanza kutusumbua. Nakumbuka mlivyobandika shanga. Nakumbuka pembe zilizopanda mpaka zikaziba masikio. Sikuwakataza, kwa maana mkono wa kijana lazima ucheze. Lakini niliwaambia, na leo naandika: kuongeza kitu si kubuni. Unabuni pale mtindo wa zamani unapoulizwa swali ukashindwa kulijibu. Mimi swali langu lililetwa na Nekesa.

Nekesa wengi mlimfahamu. Miguu yake haikuwa na nguvu tangu utoto, naye alikuwa miongoni mwa wale wanaovusha mizigo mpakani kwa baiskeli za magurudumu matatu, zile zinazoendeshwa kwa pedali za mikono. Alibeba unga, mafuta ya kupikia na sabuni, huku na huko, na kwa mikono hiyo alimlea binti yake, Taaka, baada ya mume wake kufariki. Alikuja barazani asubuhi, akasimamisha baiskeli yake mbele ya cherehani yangu. Kitambaa alikuwa nacho mapajani, hariri ya kijani yenye maua makubwa ya rangi ya dhahabu.

"Fundi, nasikia wewe ndiyo unashona pembe zinasimama."

"Nashona, mama."

"Na mtu mwenyewe kama hasimami?"

Wekesa aliacha kukanyaga cherehani yake. Mimi nikacheka, kwa sababu yeye alikuwa anacheka, kisha nikaona kwamba anangojea jibu.

Taaka alikuwa amechumbiwa. Wakwe walikuwa wanakuja nyumbani kwa ukoo wa marehemu baba yake, kule Tiira, kujitambulisha. Mnajua siku ile ilivyo: hema mbili zinatazamana, wageni upande mmoja, wenyeji upande wa pili, na mama wa binti anatoka mbele ya watu wote katika gomesi iliyo bora kuliko zote. Mpangaji wa mambo alikuwa Nabwire, dada wa marehemu. Kwetu shangazi ana sauti kubwa siku hiyo, na huyu alikuwa nayo hata siku nyingine.

"Wifi yangu anasema atakaa pahali pangu," Nekesa alisema. "Anasema gomesi kwa baiskeli ni kama pazia imeanguka. Ati ni aibu kwa mtoto. Mimi nikae ndani, wageni wataletwa wanisalimie."

"Ndani wapi?"

"Kwa masufuria."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema bei ya unga. Nikamwambia tutashona.

Nilimpima akiwa amekaa, kwa kuwa hakuna namna nyingine, lakini nilikata kama nilivyozoea. Nilipunguza urefu, nikabana upana kidogo, nikasimamisha pembe kwa uwezo wangu wote. Niliipiga bandi, ile mishono ya muda ya kujaribia, nikamvisha. Kila mshono ulikuwa mahali pake na nguo ilikuwa mbaya. Kitambaa kilijaa mapajani kama mkate ulioumuka. Mshipi ulizama kwenye mkunjo wa tumbo, hakuna aliyeuona. Aliposhika pedali, pembe zote mbili ziliinama mbele kama zinaomba radhi, na pindo likatafuta mnyororo wa gurudumu.

Nekesa alijitazama kwenye kioo muda mrefu.

"Iko nzuri," alisema. "Lakini hii iko ya mtu anasimama. Mimi nimemvalia tu."

Ninyi mafundi, msiogope sentensi kama hiyo. Mteja anapokuambia kitu ambacho hukukijua, amekuletea zawadi, hata akiitoa kwa uso mkavu. Tangu tuzaliwe tulishona gomesi kwa ajili ya mwanamke aliyesimama, na hatukujua kwamba tumechagua. Wanawake wote waliokaa waliivaa ikiwa imechoka, wakaiweka sawa walipoinuka. Nekesa hakuwa na kuinuka.

Nikamkumbuka Hajati. Mpime, kisha mwambie atembee. Huyu alikuwa anatembea maisha yake yote, ila sikuwa nimemtazama. Nikamwomba anipe baiskeli.

"Unaijua?"

"Sijui."

"Basi polepole. Breki yake iko kwa roho."

Wekesa alimsaidia Nekesa kukaa kwenye benchi langu, nami nikaingia kwenye kiti chake nikiwa na gomesi yangu ya kazini. Nikaanza kuzungusha mikono. Nilikwenda mpaka kwenye malori na kurudi, madereva wakipiga honi, na Wekesa akitangaza kwa baraza nzima: "Mama Awor amenunua gari. Kesho anafungua kampuni."

Niliyoyajua kwenye kile kiti sikuyapata kwenye meza yangu hata siku moja. Mikono ikienda mbele, kwapa huvuta bega, na bega huvuta pembe. Kitambaa cha mbele hakina kazi ya kufika chini, kina kazi ya kufika gotini na kutulia. Na jambo kubwa kuliko yote: kila aliyeniangalia aliniangalia kutoka juu. Mwanamke aliyesimama anaonwa kifuani na kiunoni. Aliyekaa chini ya macho ya watu anaonwa mabega yake kwa juu, kisha mapaja. Mapaja ndiyo uwanja wake. Mimi nilikuwa nimeweka uzuri wote mahali ambapo jicho lolote lisingefika.

Nilifumua yote. Kipande cha mbele nilikikata kifupi, kikashuka kwa marinda mawili yanayolala pande zote za magoti. Cha nyuma hakikuhitaji kukaliwa, kwa hiyo nilikigawa kikashuka nje ya kiti, mbali na gurudumu. Kwapani nilitia kikwapa, kile kipande cha pembe nne mnachokiona kwenye kanzu, ili mkono uzunguke bila kulisumbua bega. Pembe nilizipunguza urefu na kuzilaza nje kidogo, maana pembe inayotazamwa kutoka juu ikisimama wima huonekana kama nukta. Ikilala nje inaonekana yote.

Mshipi ndio ulionifikirisha zaidi. Niliutoa kiunoni. Niliushonea juu ya mapaja, ukavuka kutoka nyonga mpaka nyonga, na ncha zake zikaanguka juu ya goti la kushoto. Na maua yale ya dhahabu niliyahesabia nafasi kwa chaki mpaka ua moja kubwa, zima, likakaa katikati ya mapaja yake, chini ya mshipi, mahali ambapo zamani alikuwa anaweka mfuko wa unga.

Wekesa aliinuka kwenye cherehani yake akaja kutazama. Alizunguka baiskeli. Nilingoja anitanie.

"Mshipi umehama," alisema.

"Umehama."

"Watasema umekosea."

"Watasema."

Alikaa tena. Baadaye akasema, akiwa anakanyaga, "Hicho kikwapa nitakiiba." Kutoka kwa mtu wa suruali, sikupata sifa kubwa kuliko hiyo.

Nekesa alivaa. Alishika pedali, akazunguka mbele ya baraza, akarudi, akazunguka tena. Wanawake waliokuwa wananunua nyanya upande wa pili wa barabara waliacha nyanya.

Nilikwenda Tiira siku ya sherehe, kwa pikipiki, nimeshikilia mkoba wenye sindano na uzi wa kijani kwa sababu sijawahi kumwamini mshono siku ya kwanza. Hema zilikuwa zimesimama. Wageni walikuwa wamekaa. Upande wa wenyeji, karibu na pale Taaka angekaa, kiti cha mama kilikuwa tayari, na Nabwire alikuwa amekikalia, katika gomesi ya samawati ambayo, nikubali, ilishonwa vizuri.

Mshenga wa wageni, mzee mchangamfu mwenye fimbo, akaanza utani wake. "Tumefika, tumekaa, tumekunywa soda yenu. Lakini bado hatujajua tumsalimie nani. Mama wa binti yetu ni yupi?"

Nabwire akatengeneza mshipi wake ili ainuke. Hapo mlango wa nyumba ukafunguliwa, na Nekesa akatoka.

Hakuharakisha. Majani yalikuwa mazito na magurudumu yalitaka nguvu, nami nilitazama mabega yake tu: mikono inazunguka, pembe zimetulia. Wanawake wa ukoo waliokuwa wamejipanga kuwapokea wageni walipiga magoti kusalimia, kama desturi ilivyo, na walipopiga magoti urefu wao na wake ukawa mmoja. Gomesi zao zilijaa na kukunjamana kila upande, kwa kuwa zilishonwa kwa ajili ya kusimama. Yake peke yake ilikuwa nyumbani.

"Huyo hata nisionyeshwe," alisema mshenga, akavua kofia.

Nekesa alifika mpaka kwenye kiti na kusimamisha baiskeli mbele ya wifi yake. Nabwire alikuwa ameshainuka, kwa hiyo alimtazama kutoka juu, pale pale nilipotaka mtu atazame. Aliona pembe, akashuka kwenye mshipi, akashuka kwenye ua. Nilijikuta nimeushika ule mkoba wa sindano kana kwamba ningeweza kushona kitu.

"Wifi," Nekesa alisema, "uko kwa pahali pangu."

Nabwire alitazama wageni, akatazama tena lile ua. Kisha akainama, akashika kiti kwa mikono yake mwenyewe, akakivuta kando, na baiskeli ikaingia. Taaka alipoletwa alikwenda moja kwa moja akapiga magoti pale, kichwa chake kikafika kwenye mapaja ya mama yake, nami nikawaza, kama fundi yeyote angewaza, kwamba machozi yataacha alama kwenye hariri.

Baada ya hapo nimeshona gomesi nyingi za kukaa. Walikuja wenzake Nekesa wa mpakani, wakaja wazee wenye magoti yaliyochoka, akaja mama mmoja aliyesema tu kwamba kanisani hukaa saa nyingi kuliko anavyosimama, kwa nini nguo isijue hivyo? Ninyi mmeichukua mkaipeleka mbele kuliko mimi, na marinda yenu ya magotini ni mazuri kuliko yangu. Nimeyaona yakipita mlangoni. Endeleeni hivyo. Na mkiletewa swali msilolijua, ombeni mkalie kiti cha anayeuliza kabla hamjagusa mkasi.

Nilitaka kumalizia hapo, lakini najua mtaniuliza habari za Nabwire. Alikuja barazani wiki chache baada ya sherehe, peke yake, na kitambaa cha samawati mkononi. Hakunisalimia sana. Alikiweka mezani.

"Nishonee kama ile."

"Ile ya wifi yako?"

"Kama ile. Na ua hapa." Akajigusa mapajani.

Nikamweleza kwa utaratibu, kama ninavyowaeleza ninyi. Nikamwambia ile ni nguo ya mtu anayekaa. Yeye ana miguu mizima, akisimama mbele itapanda, nyuma itaburuta, na mshipi utamkata mapajani kama kamba. Alinisikiliza mpaka mwisho. Wekesa alikuwa ameacha kukanyaga tena.

"Umemaliza, fundi?"

"Nimemaliza."

"Basi nitakaa."